Tabo kwa Mguu wa Marcella

Ukimpelekea Urban Wuebker injini yako ya dizeli akuchagulie tabo, ile mashine ya kuisukumia injini hewa, hakuulizi kwanza ina silinda ngapi wala inakunywa mafuta kiasi gani. Anakuangalia juu mpaka chini, anajifuta mikono kwa tambara, halafu anauliza, "Nani anaendesha?" Ukimwambia hilo halihusu, injini ni injini tu, anakuonyesha mlango. Vijana wengi wametoka pale wamenuna, wakaenda kununua tabo kubwa ili watambe nazo, na mwaka uliofuata wakarudi wapole kama maji ya mtungini. Nimewaona kwa macho yangu. Siwataji majina kwa sababu mama zao tunakaa nao benchi moja kanisani.

Busara hiyo Urban hakuzaliwa nayo. Aliletewa na msichana aliyekuja kumgombeza.

Siku hizo alikuwa fundi kijana kwenye gereji ya malori, nje kidogo ya mji wetu wa St. Lioba, magharibi mwa Ohio. Mikono hodari, uso wa haya. Mzee Homan, mfugaji wa nguruwe, alimletea trekta lake jekundu alifungie tabo mbili kwa ajili ya mashindano ya kuvuta. Kwetu hatupimani ubavu kwa maneno. Trekta linafungwa kwenye tela la mzigo, na juu ya tela kuna sanduku la vyuma linalosogea mbele kadiri linavyovutwa, mzigo unazidi kuwa mzito mpaka trekta lenyewe linasalimu amri. Aliyefika mbali ndiye mwenye maneno mwaka mzima. Basi Urban akakaa na majedwali ya kiwandani, akapiga hesabu, akafunga tabo zenye nyumba, yaani ganda la chuma, kubwa kuliko zote zilizoruhusiwa. Injini ilipopimwa gerejini ilitoa nguvu za kutisha, na yeye akatembea wiki nzima kifua mbele.

Jumamosi ya maonesho ya kaunti, trekta likazima pale pale mstarini. Likawashwa, likazima tena. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Jumatatu asubuhi msichana mmoja akaingia gerejini na mabuti yenye kinyesi cha nguruwe mpaka vifundoni.

"Nani alijenga tabo za baba yangu?"

"Mi... mimi."

"Ulimjengea nani?"

Urban akababaika. "Niliijengea injini."

"Injini haina mguu," akasema yule msichana. "Baba mgongo wake umechoka, kwa hiyo anayeendesha ni mimi. Na aliyechekwa ni mimi. Haya, njoo unieleze ulichokifanya. Taratibu. Na usinitajie namba hata moja."

Urban, ambaye hata kuagiza kahawa hotelini aliona taabu, akajikuta anaongea. Alimwambia kwamba tabo ni gurudumu la mapanga ndani ya nyumba ya chuma iliyojikunja kama konokono. Moshi wa injini unapita humo, unalizungusha, na upande wa pili gurudumu mwenzake linaisukumia injini hewa. Zikiwa tabo mbili, moshi unaanzia kwa ile ndogo, ukitoka hapo unakwenda kwa ile kubwa. Hewa nayo inaanzia kwa kubwa, inakuja kushindiliwa tena na ndogo. Ukiifanya nyumba ya ile ndogo kuwa finyu, moshi unapita kwa kasi, tabo inaamka upesi. Lakini trekta likishachanganya, moshi unakosa pa kutokea, injini inakabwa. Ukiifanya pana, mwisho wa safari injini inapumua vizuri, ila mwanzo tabo inachelewa kuamka.

"Kwa hiyo umenipa mlevi aliyelala," akasema msichana, "ukataka nimwamshe kwa klachi."

"Ndiyo. Nadhani ndiyo."

"Na hukuuliza kama najua kuamsha walevi."

Akacheka. Hapo ndipo Urban alipokwisha. Alasiri ile alikwenda naye shambani, akakaa juu ya madigadi ya trekta, akautazama mguu wa kushoto wa msichana ukiachia klachi, tena na tena, mpaka mama yake msichana akatoka kuuliza kuna nini. Kisha akarudi gerejini akachagua nyumba nyingine, na gurudumu jingine linaloendana nayo. Mwaka uliofuata msichana huyo, Marcella Homan, aliwapita mashindanoni wajomba zake wote wawili, na majira ya kuchipua, kabla watu hawajaanza kupanda, wakafunga ndoa. Mimi husema Urban alimpenda Marcella kuanzia mguu wa kushoto kwenda juu. Mwenyewe akisikia anaona aibu, lakini hakani.

Trekta lao waliliandika ubavuni "Misa ya Asubuhi", kwa sababu mashindano yote yalikuwa Jumamosi jioni na mama mkwe hakukubali udhuru wa Jumapili. Marcella aliendesha, Urban alijenga. Alipojifungua binti yao, mguu ukawa mzito kidogo, Urban akabadilisha gurudumu. Ndama alipomkanyaga akamvunja kidole, Urban akabadilisha nyumba. Hakumwambia mtu kwa nini. Watu walidhani anafuata mitindo mipya kwenye magazeti, kumbe alikuwa anamfuata mkewe. Nao walizeeka hivyo, bila kelele nyingi, isipokuwa za trekta.

Halafu mwaka juzi, mahindi yakiwa bado hayajamalizika kuvunwa, Marcella akaanguka jikoni. Kiharusi.

Parokia ikafanya inavyofanya siku zote: mabakuli ya chakula yakajaa barazani, kila moja na plasta yenye jina la mwenyewe chini yake, viazi vya jibini kwa viazi vya jibini, mpaka Urban akawa hataki kukiona kiazi. Mkono wa Marcella ukarudi. Uso ukarudi. Ulimi haukuguswa hata kidogo, na hilo tulilithibitisha siku ile ile aliporudi nyumbani, alipouliza ni nani aliyempangia sufuria zake kama kipofu. Mguu wa kushoto tu ndio haukurudi sawasawa. Alitembea akiuburuta kidogo, kama mtu anayevuta mtoto asiyetaka kwenda shule. Daktari alisema anaweza kuanza kuendesha tena, asijilazimishe. Padri alisema tumshukuru Mungu. Marcella alisema, "Maonesho ni mwezi wa nane."

Urban akaitikia kwa kichwa. Moyoni alikuwa amekufa.

Hakuogopa kushindwa, walishashindwa mara nyingi wakala soseji zao na kabichi chachu wakaenda kulala. Alichokiogopa ni ule mstari wa mwanzo. Aliliona trekta likizima, na Marcella juu yake, na uwanja wote ukinyamaza. Zamani watu walicheka. Sasa wasingecheka. Wangemwonea huruma, wangempigia makofi ya polepole yale wanayopigiwa wagonjwa, na makofi hayo yangemuua kuliko kiharusi. Urban alimjua mkewe. Angetabasamu, angepunga mkono, na kutoka siku hiyo asingekanyaga tena banda la trekta.

Basi akafanya alichofanya. Na mimi nampenda Urban, lakini hapa alikosea.

Majira ya kuchipua, Marcella akiwa kwa wataalamu wa mazoezi ya viungo, aliifungua ile tabo ndogo akaiwekea nyumba finyu kabisa, ya kuamka kabla hata hujaiomba. Ile kubwa nayo akaipunguzia nyumba. Akapaka rangi upya juu ya vyuma ili isionekane kama kuna kilichoguswa. Aliyemkuta ni Norbert, kaka yake Marcella, mtu mnene wa maneno mafupi, aliyekuja kuazima jeki.

Norbert akatazama mezani. Akatazama nyumba kuukuu iliyowekwa kando. "Shemeji, unafanya nini?"

"Namrahisishia."

"Anajua?"

"Hahitaji kujua. Akiachia klachi vyovyote vile, trekta litaondoka. Hata klachi ikiachiwa na gunia la mahindi litaondoka."

"Na kule mwisho?"

"Mwisho litakabwa, litasimama mapema. Sawa tu. Muhimu aondoke."

Norbert akakuna kidevu. "Atajua."

"Hatajua."

"Marcella? Dada yangu anayejua ukimbadilishia aina ya kahawa? Haya bwana. Mimi nimekuja kuchukua jeki."

Wakaenda kujaribu nyuma ya shamba la Norbert, ambako kuna kipande cha ardhi kilichosawazishwa na tela kuukuu lililopakiwa matofali ya saruji. Marcella alipanda mwenyewe, akipumzika kila ngazi. Akawasha. Akaongeza mafuta. Mguu ukaachia klachi kwa kuruka ruka, vibaya, na trekta likaondoka kama vile hakuna kilichotokea. Urban akashusha pumzi. Lakini katikati ya njia sauti ikabadilika, ile ndogo ikawa inapiga yowe jembamba, ile kubwa inanong'ona tu, na injini ikaanza kuzama, ikazama, mpaka likasimama.

Marcella alizima. Hakushuka. Alikaa na mikono yake juu ya usukani, na Urban alipomfikia alimkuta ametazama bomba la moshi.

"Hili si trekta langu," akasema.

"Ni hilo hilo mke wangu, labda mafuta..."

"Urban."

"Naam."

"Huyu mdogo anapiga makelele kama kuku anayeshikwa. Yule mkubwa hajaamka kabisa. Umewafanya nini?"

Norbert, mtu mwerevu, akakumbuka kwamba ana ng'ombe wa kuwaangalia.

Urban hakuwa na ufundi wa kudanganya. Akasema yote: nyumba finyu, rangi mpya, gunia la mahindi, yote. Alipofika kwenye makofi ya polepole, akavua kofia. Marcella alimsikiliza akiwa juu kule kwenye kiti, na machozi yakawa yanamtoka bila kuyafuta, si ya huzuni, ya hasira.

"Umenijengea trekta la mgonjwa," akasema.

"Nilitaka uondoke mstarini, Marcella. Basi."

"Nani kakuambia siwezi kuondoka?"

"Niliuona mguu..."

"Uliuona lini? Umeuona ukitembea jikoni! Ukipanda ngazi za kanisa! Umewahi kuuona kwenye klachi tangu niugue? Hata mara moja?" Akapiga usukani kwa kiganja. "Siku ile ya kwanza kabisa ulinijengea tabo bila kuniuliza, nikaja na mabuti yangu kukugombeza. Nilidhani tulishamaliza somo hilo. Kumbe mpaka nimezeeka bado nafundisha."

Kama kuna mtu amewahi kutamani ardhi ipasuke aingie, ni Urban Wuebker alasiri ile, katikati ya shamba la shemeji yake. Alisimama ameshika kofia. Yote aliyosema mkewe yalikuwa kweli. Maisha yake yote aliwafukuza watu waliotaka achague bila kumjua mwendeshaji, na yeye kamchagulia mkewe kwa kuogopa, akamchagulia mwanamke wa mawazoni mwake, dhaifu, asiyekuwepo.

"Nisamehe," akasema.

"Nitakusamehe tukifika nyumbani. Nishushe, nimechoka."

Hakuongea naye njia nzima. Kesho yake baada ya chakula cha mchana, Urban akiwa bandani anaifungua tena ile tabo, akasikia fimbo ya kutembelea ya mkewe ikigonga sakafuni. Marcella akaingia, akasukuma kando boksi la boliti, akaketi kwenye kiti kuukuu cha trekta kilichofungwa juu ya pipa. Alikuwa amevaa buti la kuendeshea mguu mmoja tu, wa kushoto.

"Haya," akasema. "Huyu hapa. Muulize mwenyewe."

Urban akapiga magoti kwenye saruji. Akaweka viganja vyake viwili chini ya buti, akasukuma juu jinsi springi ya klachi inavyosukuma.

"Achia kama unaondoka mstarini."

Mguu ukaanza kupanda. Ulipanda vizuri, laini, kama zamani, na Urban akastaajabu. Kisha ukafika katikati ukagoma. Ukatetemeka pale, kama unatafuta neno. Halafu ghafla ukaruka juu wote.

"Tena," akasema Urban.

Ukapanda laini, ukagoma pale pale, ukatetemeka, ukaruka.

"Tena, mama."

Waliendelea hivyo mpaka jua likahama kutoka dirisha moja hadi jingine. Marcella akitoa jasho, Urban akaleta maji, wakarudia. Na kila mara ni hivyo hivyo: unagoma mahali pale pale, kwa kitambo kile kile, ndipo unaruka. Miezi yote ile Urban alikuwa akiuvisha mguu huu soksi asubuhi na kuuvua jioni, na hakuwahi kuujua. Aliuona kama kitu kilichoharibika. Kumbe ulikuwa na tabia zake mpya tu, na mtu mwenye tabia zake unaweza kuishi naye.

Akaweka shavu lake kwenye buti.

"Unalia juu ya buti langu?" akauliza Marcella.

"Kidogo."

"Limepakwa mafuta juzi. Utaliharibu." Lakini mkono wake ulikuwa umeshashuka kichwani kwa mzee wake, ukawa unazichezea zile nywele chache zilizobaki.

"Sikia," akasema Urban baadaye, amekaa sakafuni, macho yamewaka. "Pale unapogoma, klachi imeshaanza kushika. Injini imeshaanza kubeba mzigo. Tabo ikiamka pale, wakati mguu unatetemeka, ukija kuruka itakuwa tayari imesimama mlangoni na mabuti yake. Haihitaji kuamka mapema kuliko hapo. Mimi niliiamsha usiku wa manane, bure."

"Basi turudishe nyumba ya zamani?"

"Hapana, ile itachelewa. Inayofaa ni ya kati. Lakini ya kati peke yake bado itakukaba kule mwisho. Kwa hiyo tunabadilisha na gurudumu. Tunaweka lile lenye mapanga machache, jepesi, lenye koo pana la kutolea moshi. Jepesi litawahi kuamka, na koo pana halitakaba. Na kile kijilango cha pembeni tunakilegeza kifunguke mapema, moshi unaozidi umruke mdogo uende moja kwa moja kwa mkubwa. Mkubwa namrudishia nyumba yake yote. Sikuwa na haki ya kumnyang'anya."

Marcella akafikiri. Kwa miaka yote ile, ndivyo ilivyokuwa: yeye akifikiri, Urban akingoja. "Na mguu ukigoma zaidi ya hapo? Siku hiyo kuna watu, kuna kelele, moyo unadunda."

Urban angeweza kusema usijali. Juzi angesema. "Ukigoma zaidi, tabo itajaa nguvu na trekta litarukia mbele kabla hujataka. Ukiruka mapema, litazima. Siwezi kuliondoa hilo. Nikiliondoa nitakuondoa na wewe."

"Vizuri," akasema Marcella. "Hivyo ndivyo ninavyotaka. Sasa niinue, mgongo umekufa ganzi."

Siku ya maonesho ilikuwa na joto la kuyeyusha lami. Norbert alikuja amevaa mabuti yake ya kuendeshea, akisema ni kwa sababu ya tope, ingawa mvua haikuwa imenyesha tangu Julai. Sote tulijua yuko pale ikibidi. Kwenye mzani wa kupimia matrekta, mtu wa klabu anayeandikisha wavutaji alimtazama Marcella na fimbo yake, akamtazama Norbert, akamtazama Urban, kalamu hewani.

"Mwendeshaji?" akauliza, akimwelekea Urban.

Urban akatia mikono mfukoni, akatazama mawingu.

"Wewe, niko huku," akasema Marcella. "Andika Marcella Wuebker. Au mwaka huu mmebadilisha herufi?"

Jamaa akaandika upesi upesi.

Urban kwenye mashindano ana kazi moja, na kila mtu anajua mahali pake. Husimama mwisho kabisa wa njia, kwenye uzio, pale mzigo unapokuwa mzito na moshi unapobadilika rangi. Moshi mweusi mzito, hewa haitoshi. Ukikatika katika, kuna tabo imeelemewa. Kwa kuangalia moshi wa mwisho pale anajua kila alichopatia na kila alichokosea, na hayo ndiyo huyachukua bandani kwa mwaka unaofuata. Fundi wa tabo asiyeona mwisho wa mvuto ni sawa na mpishi asiyeonja.

Trekta lilipoingia njiani, mtangazaji akataja jina la Marcella, na jukwaa likapiga makofi. Yalikuwa makofi ya kawaida. Yangekuja kugeuka dakika ile ile kama kungetokea jambo, Urban alijua. Wakafunga mnyororo wa tela. Mshika bendera akasogea. Marcella akatulia, akavuta mafuta, injini ikapanda, ikapanda, mpaka bati za jukwaa zikatetemeka. Bendera ya kijani ikashuka.

Mguu ukaanza kupanda. Laini.

Ukagoma.

Pale ulipogoma, dunia nzima ya Urban Wuebker ilikuwa ndani ya buti moja. Trekta likajiinamia, tela likaguna, buti likatetemeka, likatetemeka. Akasikia firimbi ya ile ndogo inaanza chini, inapanda. Usiruke sasa. Bado. Bado, mama. Firimbi ikafika juu, na chini yake ikaingia ile nzito ya mkubwa. Mguu ukaruka.

Trekta likanyanyua pua likaondoka.

Jamani. Watu wazima walisimama kwenye mabenchi. Norbert alikuwa anapiga kelele ambazo sitaziandika. Udongo uliruka nyuma ya magurudumu, Misa ya Asubuhi ikaenda, ikaenda, ikapita pale lilipokuwa limesimama trekta lililoitangulia, ikapunguza mwendo kule mwisho kwa kung'ang'ania, ikasimama mbali, hatua chache tu kabla ya mstari wa kumalizia. Makofi yakaja, ya haraka, ya vurugu, na miluzi juu yake. Hakuna aliyekuwa anamwonea mtu huruma.

Jioni ile alishika nafasi ya nne. Hakuipenda hata kidogo. Tulimkuta nyuma ya matrekta, ameketi kwenye mlango wa nyuma wa gari lao la mizigo uliolazwa chini, uso mweusi kwa masizi, anakunywa bia kwenye kopo huku mguu wa kushoto unamtetemeka kwa uchovu. Urban akaja.

"Haya, nieleze," akasema Marcella. "Zile hatua za mwisho nilizikosea wapi? Nilihisi kama anakabwa kidogo, lakini si sana. Moshi ulikuwaje?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Mweusi au wa kijivu?"

"Sikuuona."

Marcella akashusha kopo. "Urban. Ulikuwa umesimama wapi?"

Mzee akavua kofia, akaizungusha mikononi. "Mwanzo," akasema. "Mstarini. Upande wa kushoto. Nilikuwa nautazama mguu wako. Ulipoondoka sikuweza tena kuona kitu, macho yalikuwa yamejaa."

Norbert akageuka akajifanya anafunga mnyororo.

Marcella akaweka kopo kando. Nilidhani atamgombeza, alikuwa na haki. Umeniharibia mvuto mzima, angesema, nimevuta bure, hatujui kitu cha kurekebisha. Badala yake akamvuta kwa ukosi wa shati, akamfuta macho kwa glavu yake, akamwachia baka jeusi toka jicho mpaka sikio.

"Jumamosi ijayo kuna mashindano mengine kaunti ya pili," akamwambia. "Nimeshatuma jina. Huko usinisimamie mwanzo, umenisikia? Mwanzo naumudu. Wewe nenda ukanisubiri kule mwisho."

"Sawa," akasema Urban.

Akaketi kando yake kwenye mlango wa gari, akachukua mguu ule akauweka mapajani, akaanza kufungua kamba za buti.